Msitazame Uso, Tazameni Mbuzi

Wanangu, mmenisumbua vya kutosha. Kila nikitoka kanisani hapa Njiro kuna kijana ananifuata na simu, ananionyesha video ya mzungu aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, halafu ananiuliza, "Shikamoo mama, eti kwenye poka mtu akijikuna pua anadanganya?"

Marahaba. Si kweli. Arusha mtu akijikuna pua ni vumbi. Mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza, meza nzima inajikuna pua, na ukiamini kwamba wote wanadanganya utarudi kwenu kwa miguu.

Niligawa karata za poka katika ukumbi wa hoteli moja mjini tangu nikiwa msichana mpaka mgongo uliponistaafisha. Sikucheza. Mgawaji hachezi, hashauri, hacheki. Anagawa, anakusanya, anagawa tena. Ni kazi ya kutazama watu wazima wakidanganyana kistaarabu, na unalipwa mshahara na nauli. Kwa hiyo msije kwangu mkitafuta mbinu za kutajirika. Waliotaka kutajirika niliwaona wote, na wengi wao waliniomba lifti. Ninachojua mimi ni kumsoma mtu. Na mtu mgumu kuliko wote niliowahi kumsoma hakuwahi kukaa mezani kwangu. Alikuwa baba yangu mzazi, mzee wa kanisa kule Nkoaranga, aliyesema mbele ya wazee wenzake kwamba kama sijaacha karata, hatakanyaga kwenye sendofu yangu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi.

Hiyo nitawasimulia. Lakini kwanza mjue mchezo wenyewe, maana humu kuna wanaotikisa vichwa na hawajui kitu.

Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Karata nyingine tano zinafunguliwa mezani taratibu, hizo ni za wote. Kila hatua mtu anaweza kusukuma vidonge vyake vya plastiki katikati na kupandisha dau, na wenzake ama wamfuate ama watupe karata zao. Mwisho mwenye mkono mzuri, yaani karata zilizopangana vizuri kuliko za wenzake, anachukua rundo. Ila kuna kanuni moja. Ukipandisha na wenzako wote wakatupa, rundo ni lako, na hakuna mwenye haki ya kuona ulichoshika. Karata zako zinalala kifudifudi, mgawaji anazizoa, yameisha. Hata kama ulishika takataka tupu. Hiyo kanuni ishikeni vizuri.

Ndiyo sababu watu wanatishia nyau. Mtu hana kitu, lakini anasukuma vidonge kama mwenye nyumba. Ukiogopa, amekula. Ukimwambia "fungua," ameumbuka. Mchezo mzima uko hapo, kwenye kujua nani ana kitu na nani anatishia nyau.

Aliyenifundisha kazi ni Temu, Mchaga wa Marangu, msimamizi wetu wa meza. Sijawahi kumwona akicheka wala akinuna. Tulimuuliza mkewe kama nyumbani yuko hivyo hivyo, akasema nyumbani ni zaidi. Mchana kabla ukumbi haujafunguliwa, Temu alitukalisha chumba cha wafanyakazi tucheze sisi kwa sisi, kwa maharage, ili tujue mchezaji anavyojisikia. Wiki yangu ya kwanza nikabaki mimi na yeye tu kwenye mkono mmoja. Akasukuma maharage yake yote. Nikaona vidole vyake vinatetemeka. Nikajisemea, haa, huyu nimempata, ameogopa.

"Fungua!" nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye akili.

Akafungua. Malkia wawili mkononi, na malkia wa tatu yuko mezani.

"Mkono unaotetemeka una kitu," akasema huku akizoa maharage yangu. "Mwongo hatetemeki. Mwongo amejiandaa tangu asubuhi."

"Sasa mtu nimtazame wapi, kaka Temu?"

"Popote, ila usoni usitazame. Uso mtu anaufundisha. Tazama kitu ambacho hajui kama anakifanya."

Nilikaa na hilo neno miezi kadhaa bila kulielewa. Aliyenielewesha ni mteja wetu mmoja, Mzee Lomayani, mfugaji wa Kiarusha kutoka upande wa Olmotonyi. Mtu wa heshima, anakuja na fimbo yake, anaiegemeza ukutani, anaketi, na uso wake haukuambii kitu hata umtazame mpaka kesho. Wageni waliokuja na miwani yao walimtazama, wakatazama tena, wakaenda kulala.

Lakini huku kwetu mkubwa anaamkiwa. Video zenu hazijui hilo. Awe ameshika karata, awe ameshika kijiko, ukiingia unamwamkia, naye hana budi kuitikia. Basi akiingia kijana akasema, "Shikamoo mzee," na Lomayani ana mkono mzuri, anajibu, "Marahaba," anarudi kwenye karata zake. Akiwa hana kitu, loo! "Marahaba mwanangu! Mama hajambo? Watoto? Ng'ombe wamezaa? Mvua huko imefika? Na yule mbwa wenu aliyevunjika mguu?" Mtu anayetishia nyau anataka aonekane ametulia, na kwetu sisi mtu aliyetulia ni yule mwenye muda wa salamu. Hajui kwamba anazidisha. Niliwahi kumsikia akiuliza habari za shangazi wa mhudumu wa vinywaji, nikajua kabisa hapo hakuna karata, kuna karatasi.

Sikumwambia mtu. Mgawaji ni bubu, hata roho ikiwasha.

Siku moja akaja dogo mmoja, muongoza watalii, mchangamfu, mdomo kama redio. Naye alikuwa ameigundua hiyo ya salamu, sikatai, alikuwa na macho. Mzee Lomayani akasukuma rundo kubwa, dogo akamuuliza kwa adabu zote, "Za nyumbani, mzee?" Mzee akaanza: watoto, ndama, mvua, kisima. Dogo akasimama, akapiga meza, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia, "Aisee, mzee wangu, unatishia nyau! Fungua!"

Mzee akafungua. Alikuwa na saba na mbili, ambazo hata nyinyi mnajua ni za kutupa.

Watu wakacheka. Dogo akazoa vidonge, akapigwa picha. Mzee Lomayani akachukua fimbo yake, akaniaga mimi, "Haya yeyo, kazi njema." Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na mimi wakati ule sikuwa hata na mchumba. Hakurudi tena. Sasa yule dogo alikuwa akipitisha watalii wake kwenye maboma ya huko juu, na njia ilipita kwa Mzee Lomayani. Wiki iliyofuata akakuta miba imewekwa njiani. Akazunguka kwa jirani, jirani naye akasema ana mgonjwa. Kila boma lilikuwa na mgonjwa. Dogo alikuja kutulalamikia kwamba alimsoma mzee sawasawa, karata kwa karata.

"Kweli ulimsoma," Temu alimwambia. "Shida ulisoma kwa sauti."

Sasa nirudi kwa baba.

Baba alijua nafanya kazi hotelini. Alichokuwa hajui ni kazi gani, na mimi sikumdanganya, ila hakuniuliza. Nilipochumbiwa na Godlisten, msharika mwema, fundi wa mabomba ya maji, mambo yakawa mazuri mpaka mama mmoja wa kwaya akaenda kikao fulani pale hotelini, akakosea mlango alipokuwa akitafuta choo. Alinikuta nagawa. Kabla sijafika kwetu, habari zilikuwa zimeshafika, zimekula na zimelala.

Baba akaniita. Alikuwa amekaa na wazee wawili wa kanisa, maksudi, ili neno liwe na mashahidi.

"Naomi," akasema, "mimi ndiye niombaye juu ya sadaka pale mbele. Siwezi kumtoa binti mwenye karata mkononi. Acha ile kazi. Usipoacha, siji kwenye sendofu. Watakutoa wajomba."

Mnajua sendofu ilivyo kwetu. Baba akikosekana, unaweza kukodi ukumbi mzuri, mapambo, muziki, mshereheshaji mwenye suti nyekundu, lakini kila mgeni anakula akitazama kile kiti cha baba. Nililia njia nzima ya kushuka, na ile njia ya Nkoaranga ilivyo na mteremko ukilia huoni unapokanyaga, nikafika chini na kiatu kimoja hakina kisigino. Kazi nilikuwa naipenda. Na baba nilikuwa nampenda. Nilimpenda sana, niseme tu.

Godlisten alikuwa na ushauri wa kijana. "Anatishia nyau. Mwambie tarehe ndiyo hiyo, kadi zimechapwa, aje asije. Atakuja mwenyewe."

"Na asipokuja?"

"Baba gani hatakuja kwa mwanawe?"

Nilimjua baba gani. Dada yangu Anna alipotaka kuolewa na mwanamume ambaye baba hakumtaka, baba alisema maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, na hakwenda. Anna alitolewa na mjomba. Mpaka leo picha za ile sherehe ziko kabatini, hazijawahi kutundikwa. Kwa hiyo baba alikuwa mtu aliyewahi kufungua karata, na zikawa za kweli. Mtu wa namna hiyo humwambii "fungua" kwa kujifurahisha.

Nikampelekea Temu shida yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai.

"Dada yako alipokatazwa, mzee alifanya nini?"

"Alisema haji."

"Sikuulizi alisema nini. Alifanya nini?"

Nikafikiri. Nikakumbuka. Kwetu baba wa binti analisha mbuzi wa ndafu, yule anayebanikwa mzima mzima na kuletwa ukumbini na majani mdomoni. Wachaga wanasema ndafu ni yao. Sisi Wameru hatubishani, tunakula. Mbuzi huyo anahasiwa mapema, anafungiwa bandani na kunoneshwa miezi na miezi. Wa Anna alikuwepo, amenona. Na wiki ile ile baba aliposema haji, alimpeleka mnadani akamuuza.

"Basi nenda kwenu," Temu akasema. "Usimtazame baba yako. Tazama banda."

Jumamosi nikapanda, na viatu vile vile, kisigino bado sijakitengeneza. Sikupitia mbele, nilipitia nyuma, kwenye migomba, kama mwizi wa ndizi. Banda lilikuwa na mbuzi mweusi mwenye kidoa cheupe shingoni, mnene, mgongo umelala kama godoro. Sikutarajia alivyokuwa msafi. Alikuwa ameoshwa! Mbele yake kulikuwa na majani mabichi ya asubuhi hiyo hiyo, na bonge la chumvi ya kulamba, jipya, halijaisha ncha. Mtu ambaye haji hanunui chumvi.

Nikakaa chini palepale bandani, nikacheka, nikalia kidogo, mbuzi akanitazama huku anatafuna. Baba yangu alikuwa anatishia nyau. Alikuwa anataka kuja kuliko mimi nilivyotaka aje.

Sasa hapa ndipo video zenu zinaishia. Ukishajua mtu hana kitu, mnasema, mfungulishe. Mimi nami nilitoka bandani na "fungua" imenijaa mdomoni. Ningeingia ndani niseme, baba, mbona mbuzi ameoshwa? Mbele ya wazee wake, maana nilisikia sauti zao, walikuwa wamekuja tena. Ningeshinda pale pale. Lakini Temu aliniambia jambo nilipokuwa naondoka, kama mtu anayeongelea hali ya hewa: "Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Baba yako ninavyomsikia hatachutama. Atauza mbuzi."

Ni kweli, angemuuza. Angemuuza huku anaumwa, lakini angemuuza, kwa sababu ameshasema mbele ya watu.

Nikazunguka mbele, nikabisha hodi, nikawaamkia wote watatu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Za mjini? Godlisten hajambo? Na mama yake, ule mguu umepona? Njiro maji yanatoka? Umekula?"

Nikainamisha macho, maana ningecheka. Mzee Lomayani mtupu.

"Salama, baba. Baba, neno lako nimelisikia. Nimeomba ruhusa kazini. Kuanzia Jumatatu nipo hapa nyumbani, kahawa imeiva na mama hana msaidizi."

Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa na likizo yangu ya mwaka, Temu alishanisainia. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Baba akawageukia, "Mmemsikia binti yangu?" Hakuniuliza ni ruhusa ya muda gani. Msisahau hapo. Mtu mwenye karata za kweli angeuliza.

Nikachuma kahawa mpaka kucha zikawa nyeusi. Lakini kusoma si kujua, wanangu. Siku ya sendofu ukumbi ulijaa, saa ikafika, saa ikapita, baba hayupo. Kile kiti kitupu. Mshereheshaji akaimbisha watu mapambio, akayarudia, akaanza kutania wajomba. Godlisten alikuwa amekaa upande wa pili na wazazi wake, anakunywa maji tu. Anna akaja nyuma yangu, akanishika bega, na yeye ndiye aliyejua kuliko wote. Nikawaza, Naomi, ulimsoma mbuzi. Baba yako hukumsoma.

Mlango ukafunguliwa, na mbuzi akaingia kwanza. Juu ya meza ya magurudumu, amebanikwa, majani mdomoni. Nyuma yake baba, suti imejaa matope mpaka magotini, kwa sababu mvua ilinyesha Nkoaranga na gari la ndafu lilikwama, akashuka kusukuma. Mzee wa kanisa, na suti mpya, anasukuma gari kwa ajili ya mbuzi.

Nikasimama. "Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema. Basi, hakuongeza neno. Akanishika mkono.

Kwenye hotuba alisema binti yake ana masikio, alimwambia neno moja tu akasikia. Ukumbi ukapiga vigelegele. Nimegawa karata kwa mabingwa, lakini uso nilioukaza siku ile sijawahi kuukaza tena.

Baada ya harusi nikarudi kazini. Ziara ya kwanza nyumbani, baba akaniuliza, "Kazini hawajambo?" Nikasema hawajambo. Akauliza hivyo hivyo kila nilipokwenda, mwaka baada ya mwaka, na hakuna siku alitaja ni kazi gani.

Sasa amevuka tisini. Mama alishatangulia. Nilipostaafu, baba alinikaribisha kibarazani akasema, "Sasa huna cha kufanya. Hebu nionyeshe hiyo dhambi yako." Kwa hiyo kila Jumamosi napanda Nkoaranga, tunacheza poka kwa maharage, na mchungaji akipita tunafunika kwa kitenge. Baba anatishia nyau kila mkono. Anasukuma maharage yote, halafu anaanza: Godlisten hajambo? Wajukuu? Lile gari limepona? Mimi nashika wafalme watatu, natupa.

"Hivi walikulipa kwa lipi miaka yote hiyo?" ananiuliza huku akizoa. "Wewe hujui kucheza."

"Kweli, baba."

Jumamosi iliyopita alipandisha tena, nikatupa tena. Hakuzoa maharage. Alilaza karata zake kifudifudi, akaweka kiganja juu yake. Kiganja kilikuwa kinatetemeka. Nilitaka kusema ni uzee, ila Temu alinifundisha.

"Yule mbuzi mweusi," akasema. "Siku ile ulipitia nyuma. Uliacha alama za viatu kwenye matope ya bandani. Kimoja hakina kisigino."

Nikakusanya karata zangu, nikazinyoosha, nikazichanganya.

"Mbuzi gani, baba?"

 Akacheka mpaka akakohoa, mpaka nikamshika mgongo, akafuta macho kwa kofia yake. Akasukuma maharage yote upande wangu.

"Gawa," akasema.

Nikagawa.